Jinsi ya kulitumia neno "kidhi" bila kulipotosha

Tangazo la kazi likisema "waombaji watakaokidhi vigezo ndio watakaoitwa kwenye usaili", kila msomaji anaelewa na hakuna cha kusahihisha. Chukua sasa sentensi mbili nyingine: "Tunaitaka halmashauri ikidhi ahadi zake" na "Kifaa hiki hakidhi viwango." Zote mbili zina kasoro, ila kasoro zenyewe si za aina moja. Ya kwanza imekosea maana: ahadi haikidhiwi, hutimizwa. Ya pili imekosea sarufi: pametoka silabi moja, na sentensi nzima imepoteza upatanisho. Neno "kidhi" limeenea mno katika barua za ofisi, zabuni, taarifa za habari na ripoti za miradi, na kwa kuenea huko limeanza kubebeshwa kazi za maneno mengine. Mwongozo huu unaonyesha kazi zake halisi, mipaka yake, na jinsi ya kuliandika sawasawa.

Maana ya msingi

Kukidhi ni kutoa au kufikia kile hasa kinachodaiwa, kwa kadiri kinavyodaiwa. Ndani ya neno hili daima kuna mambo mawili: kipimo kilichowekwa, na kitu au mtu anayelinganishwa na kipimo hicho. Bila kipimo hakuna kukidhi. Ndiyo maana mahitaji hukidhiwa (yanajulikana ni kiasi gani), vigezo hukidhiwa (vimeandikwa), masharti, viwango, matakwa ya sheria na deni pia. Shauku, upendo na heshima havikidhiwi, kwa sababu hakuna anayeweza kusema vinaishia wapi.

Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu *qadha*, chenye maana za kuhukumu, kumaliza jambo na kulipa kinachodaiwa. Kiswahili kimepokea ukoo mzima. Kadhi ni mwenye kutoa hukumu. Kadhia ni jambo au shauri linalosubiri uamuzi. Kadha ni ibada inayolipwa baada ya wakati wake kupita. Ukiwaona hao wakiwa pamoja unaelewa kwa nini "kidhi" lina harufu ya hesabu na hukumu: kuna anayedai, kuna anayedaiwa, na mwisho kuna uamuzi kwamba deni limelipwa au halijalipwa. Jihadhari na maneno yanayofanana nalo kwa sauti tu. "Kadha wa kadha" limetoka kwenye neno jingine kabisa la Kiarabu, na "kidhabu", yaani mwongo, halina undugu wowote na "kidhi".

Kabla ya kuandika, tafuta kinachodaiwa

Njia ya haraka ya kujua kama neno linafaa ni kuuliza: kipimo kiko wapi? Ukiweza kukionyesha kwa kidole, kwenye tangazo, kwenye mkataba, kwenye orodha ya mahitaji, andika "kidhi". Ukishindwa, tafuta kitenzi kingine.

Nomino zinazokaa vizuri na "kidhi" si nyingi: mahitaji, haja, vigezo, masharti, viwango, sifa (zikiwa na maana ya sifa zinazotakiwa), matakwa, na deni. "Matarajio" yamo, lakini pale tu yalipotajwa waziwazi. "Bidhaa haikukidhi matarajio" bila kusema matarajio ya nani na yapi ni maneno matupu.

Nomino zisizokaa nalo ndizo zinazoleta taabu zaidi, maana kila moja ina kitenzi chake cha kuzaliwa nacho:

- ahadi hutimizwa;
- agizo na hukumu hutekelezwa;
- nadhiri huwekwa, kisha huondolewa;
- kiapo hutimizwa au huvunjwa;
- lengo hufikiwa;
- sheria hufuatwa au huzingatiwa;
- fadhila hulipwa;
- kiu hukatwa.

Hili la sheria linastahili kutazamwa kwa karibu. "Kampuni haikukidhi sheria ya mazingira" si sentensi nzuri, kwa sababu sheria ni amri, na amri hufuatwa. Kinachokidhiwa ni matakwa yake: "Kampuni haikukidhi matakwa ya sheria ya mazingira." Neno moja limeongezwa na maana imekaa. Vivyo hivyo, husemi mtu "amekidhi mkataba". Mtu hutekeleza mkataba, na kazi yake hukidhi viwango vilivyomo katika mkataba huo.

"Wajibu" liko mpakani. Wapo wanaoandika "kukidhi wajibu", na msomaji ataelewa, lakini Kiswahili kina "kutimiza wajibu" na "kutekeleza wajibu", vyote viwili vimekomaa na vinatosha. Hakuna kinachopatikana kwa kuviacha.

Kosa jingine ni kumfanya mtu awe yambwa, yaani kile kinachotendwa na kitenzi. "Mshahara huu haunikidhi" linasikika mitaani, lakini binadamu si kipimo. Sema "haunitoshi", au ukitaka kubaki na "kidhi", taja kipimo: "Mshahara huu haukidhi mahitaji yangu." Pia usiweke kihusishi baina ya kitenzi na yambwa yake. "Kukidhi kwa vigezo" na "kukidhi kwenye masharti" ni makosa, kwani kitenzi hiki ni elekezi na hushika yambwa moja kwa moja: kukidhi vigezo, kukidhi masharti.

Kukidhi haja: maana mbili katika maneno yaleyale

Hapa ndipo mwandishi asiye mwangalifu huaibika. "Kukidhi haja" ni kutimiza hitaji la mtu, na pia ni lugha ya adabu ya kwenda chooni. Vitabu vya fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, vina mlango mzima unaoitwa "adabu za kukidhi haja", na hauzungumzii mahitaji ya kiuchumi.

Kinachotofautisha maana hizo mbili ni kiima cha sentensi, yaani mtenda wa kitenzi. Kitu kikiwa ndicho kiima, maana ni ya kutosheleza: "Kituo kipya kinakidhi haja za wasafiri." Mtu akiwa ndiye kiima na hakuna aliyetajwa mwenye haja, msomaji atafikiri choo: "Wasafiri hukidhi haja katika kituo hiki." Ukiwa unaandika taarifa ya mradi, epuka mtego huo kwa kutumia "mahitaji" badala ya "haja" kila mara mtu anapokuwa kiima. "Mahitaji" hayana maana ya pili.

Katika dua, neno huchukua umbo la kutendea na mwenye haja hutajwa: "Mwenyezi Mungu akukidhie haja zako." Hapo hakuna utata wowote, kwa sababu anayekidhi ni mmoja na anayekidhiwa ni mwingine. Ni matumizi mazuri, ya zamani, na yanafaa katika barua ya pongezi, ya kumwombea mtu heri au ya rambirambi.

Kukidhi swala na saumu

Katika ibada ya Kiislamu neno hili lina maana finyu ambayo mwandishi wa kawaida huikosa. Kukidhi swala si kuswali tu. Ni kuswali baada ya wakati wa swala ile kutoka. Aliyeswali Adhuhuri ndani ya wakati wake ameswali. Aliyepitiwa na usingizi hadi jua likachomoza, kisha akaswali Alfajiri, huyo ndiye amekidhi. Kwa hiyo ukiandika "Muumini anatakiwa kukidhi swala tano kila siku", msomaji wa pwani atasikia kwamba unamtaka azicheleweshe zote. Andika "kusimamisha swala tano" au "kutekeleza swala tano".

Saumu ni hivyohivyo. Mgonjwa au msafiri aliyekula mchana wa Ramadhani hukidhi siku alizokula kwa idadi ileile, katika siku nyingine za mwaka. Husemwa pia "kulipa saumu" au "kulipa kadha". Mwanamke aliyekuwa katika hedhi hukidhi saumu zake, lakini swala za siku hizo hazikidhiwi. Mzee asiyeweza tena kufunga, au mgonjwa ambaye kupona kwake hakutarajiwi, hakidhi bali hutoa fidia. Tazama jinsi tofauti ilivyo kali: kukidhi ni kulirudisha lilelile lililokosekana, fidia ni kutoa kingine badala yake. Ukiandika "alikidhi kwa kulisha masikini" umechanganya mambo mawili ambayo fikihi imeyatenganisha.

Kuchelewa huko hakumo katika Kiswahili cha ofisini. "Amekidhi vigezo" haina maana kwamba amechelewa. Maana zote mbili ni halali, kila moja mahali pake.

Majirani zake: timiza, tekeleza, tosheleza, ridhisha, zingatia

"Timiza" linatokana na "timia", nalo linatokana na "timu", lile la "ilipotimu saa nne". Wazo lake ni ukamilifu: kilichokuwa pungufu sasa kimejaa. Ndiyo maana mtu hutimiza miaka 18, akidi ya kikao (idadi ya wajumbe inayotakiwa) hutimia, na ndoto hutimizwa. Katika hayo yote "kidhi" haliingii. Mtu hakidhi miaka 18. Hutimiza miaka 18, na kwa kuitimiza anakidhi sharti la umri. Sentensi hiyo moja inaonyesha mpaka wa maneno haya mawili vizuri kuliko maelezo marefu: la kwanza linahusu kukamilika kwa jambo lenyewe, la pili linahusu jambo hilo kulingana na kipimo cha mtu mwingine.

"Tekeleza" ni kufanya. Linatazama kitendo, halitazami matokeo. Mkandarasi anaweza kutekeleza mradi wote tangu msingi hadi paa, na bado jengo lisikidhi viwango. Kinyume chake hakiwezekani: jengo ambalo halijajengwa haliwezi kukidhi chochote. Ukiandika ripoti, tenganisha mambo haya katika sentensi mbili, maana mfadhili anataka kujua yote mawili. "Mradi umetekelezwa kwa asilimia 100" haijibu swali la ubora.

"Tosheleza" ni la kiasi na linakubali watu kuwa yambwa: chakula hiki kinatosheleza watu 40. Linapishana na "kidhi" kwenye mahitaji, na hapo uko huru kuchagua. "Hayatoshelezi mahitaji" huelekea upungufu wa wingi, "hayakidhi mahitaji" huweza kuwa upungufu wa wingi au wa aina. Maji mengi yenye chumvi yanaweza kutosha kwa ujazo na yasikidhi mahitaji ya kunywa.

"Ridhisha" ni la moyo. Kazi inaweza kukidhi kila kigezo na isimridhishe mteja, naye hana haki ya kuikataa kwa sababu hiyo. Katika mizozo ya malipo tofauti hii ni kila kitu. Mkataba unaosema "kazi ifanyike kwa kiwango cha kumridhisha mteja" umemkabidhi mteja hukumu yote. Unaosema "kazi ikidhi viwango vilivyoorodheshwa" umeiweka hukumu kwenye karatasi. Fundi anayesaini wa kwanza akidhani ni sawa na wa pili anajitia hatarini.

"Zingatia" na "fuata" ni za mwenendo wa kila siku: kuzingatia taratibu, kufuata masharti ya daktari. "Kidhi" ni la ukaguzi: mkaguzi anafika, anapima, anasema imekidhi au haikukidhi. Mgahawa huzingatia kanuni za usafi mwaka mzima; siku ya ukaguzi huonekana iwapo unakidhi viwango vya kupewa kibali.

Kuliandika na kulinyambua

"Kidhi" ni kitenzi chenye asili ya kigeni kinachoishia na irabu -i, na irabu hiyo haibadiliki katika ukanushi wala katika dhamira tegemezi, yaani umbo la kutaka au kuagiza. "Soma" hutoa hasomi na asome. "Kidhi" hutoa hakidhi na akidhi. Kwa hiyo "ikidhe", "wakidhe" na "hakikidha" hayapo.

Kinachosumbua zaidi ni wingi wa silabi "ki". Mzizi wenyewe unaanza na "ki". Kiambishi cha ngeli ya KI-VI ni "ki". Kiambishi cha masharti ni "ki". Vinapokutana, mkono huona kama umerudia kosa na hufuta kimoja. Usifute. Hesabu hivi:

Kifaa *hakikidhi* viwango: ha-ki-kidhi. Ukiandika "hakidhi" umemzungumzia mtu, si kifaa.

*Ukikidhi* vigezo utaitwa: u-ki-kidhi. "Ukidhi vigezo utaitwa" ni kosa, kwa sababu "ukidhi" ni amri ya upole au matakwa: "Tunataka ukidhi vigezo."

Chombo *kikikidhi* viwango kitasajiliwa: ki-ki-kidhi. Silabi tatu za "ki" mfululizo ni sahihi kabisa, hata kama jicho linakataa. Mwandishi asiyependa mlio wake anaweza kugeuza sentensi: "Chombo kitakachokidhi viwango kitasajiliwa." Ni bora kugeuza kuliko kufupisha.

Kigezo hiki *amekikidhi*: a-me-ki-kidhi, yambwa ikiwa katika ngeli ya KI-VI. Kwa wingi ni "amevikidhi". Mahitaji na masharti huchukua "ya": ameyakidhi.

Wakati uliopita kwa ukanushi huingiza "ku": mwombaji hakukidhi, kifaa hakikukidhi, maombi hayakukidhi, bidhaa hazikukidhi. Hali timilifu ni hajakidhi, hakijakidhi, hayajakidhi, na haya yana matumaini ndani yake: "hajakidhi" maana yake bado kuna nafasi ya kukidhi. Usiandike "hajakidhi" katika barua ya kumkataa mtu moja kwa moja. Ataendelea kusubiri, na barua yako mwenyewe ndiyo iliyomwambia asubiri.

Minyambuliko inayotumika ni mitatu. Kidhiwa: mahitaji yamekidhiwa. Kidhia: tumkidhie haja yake. Kidhika: tamaa isiyokidhika. Hapa irabu inarudi kwenye kanuni ya kawaida, kwa sababu maumbo haya yanaishia na -a: hayakidhiwi, yakidhiwe, hamkidhii, hayakidhiki. Ndipo watu hujikanganya, kwani shina halibadiliki na matawi yanabadilika. Umbo la kusababisha, "kidhisha", lingeweza kuundwa, lakini halina kazi, hakuna anayelihitaji.

Nomino ya kitendo ni "kukidhi" yenyewe, na hupatanishwa kwa ku-: "Kukidhi kwake vigezo kulithibitishwa." Ukanushi wake ni "kutokidhi": "Alienguliwa kwa kutokidhi sharti la umri." Nyaraka nyingine huandika "ukidhi wa masharti". Umbo hilo linaeleweka, lakini sentensi yenye kitenzi karibu kila mara husomeka vizuri zaidi.

Tahajia: ni *dh*, ile ya dhahabu na ridhaa. "Kukizi" na "kukithi" ni matamshi yaliyoingia kwenye maandishi. Halafu kuna "kukithiri", yaani kuzidi kupita kiasi, ambalo wengine hulichanganya na hili wakapata "kukidhiri". Neno hilo halipo: uhalifu umekithiri, mahitaji yamekidhiwa. Na "akidi" ya kikao haina "h". Kirekebishi cha tahajia kwenye kompyuta hakitakusaidia hapa, kwa kuwa "akidi" na "akidhi" yote ni maneno halali.

Ukanushi na neno "vyote"

Hili ndilo eneo lenye madhara makubwa kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa zaidi.

"Mwombaji hakukidhi vigezo vyote." Je, alikosa kila kigezo, au alikosa baadhi? Sentensi inabeba maana zote mbili. Mwandishi alikuwa na moja kichwani, msomaji akachukua nyingine, na rufaa ikaandikwa. Kuna namna mbili za kulitatua, kutegemea kilichotokea:

Kama alikosa kila kimoja: "Mwombaji hakukidhi hata kigezo kimoja."

Kama alikosa baadhi: "Mwombaji alikidhi vigezo vinne kati ya vitano, hakukidhi kigezo cha tatu, uzoefu wa miaka 5."

Vivyo hivyo "Maombi yote hayakukidhi masharti" ni tofauti na "Si maombi yote yaliyokidhi masharti." La kwanza limeyakataa yote, la pili limekubali mengine. Katika mazungumzo sauti husaidia kutofautisha. Kwenye karatasi hakuna sauti.

Kuna pia tofauti kati ya kutokidhi na kutothibitisha. Mtu anaweza kuwa na shahada inayotakiwa na akasahau kuambatisha nakala yake. Huyo amekidhi kigezo cha elimu lakini hakuthibitisha. Barua inayosema "hukukidhi kigezo cha elimu" imesema jambo lisilo kweli. Andika: "Hukuambatisha uthibitisho wa kigezo cha elimu." Ni haki yake kujua kilichokosekana, na ni kinga ya ofisi pia, maana akileta shahada yake kesho hakuna aliyemwita asiye na elimu.

Katika matangazo, zabuni na mikataba

Unapoandika vigezo ambavyo watu watatakiwa kuvikidhi, anza na wakati. "Mwombaji awe anakidhi masharti yafuatayo" haisemi ni lini. Siku ya kuomba? Siku ya usaili? Siku ya kuripoti kazini? Weka tarehe ndani ya sentensi: "Mwombaji awe amekidhi masharti yafuatayo kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maombi." Hali timilifu "awe amekidhi" hufunga mlango, "awe anakidhi" huuacha wazi.

Kisha sema kama ni vyote au baadhi. "Vigezo vifuatavyo" peke yake hakutoshi. Andika "vigezo vyote vifuatavyo" au "angalau viwili kati ya vigezo vifuatavyo". Vipe namba, ili jibu la baadaye liweze kutaja namba.

Kila kigezo kiandikwe kwa namna inayoweza kujibiwa ndiyo au siyo. "Awe mchapakazi" si kigezo cha kukidhiwa, kwa sababu hakuna hati ya uchapakazi. "Awe na leseni ya udereva ya daraja linalotajwa hapa, ambayo haijaisha muda" kinaweza kukaguliwa kwa kuangalia karatasi. Sifa za tabia ziweke mbali, chini ya maneno kama "itakuwa sifa ya ziada", usizichanganye na vigezo.

Huu hapa ni mfano wa kifungu kibaya cha mkataba wa ujenzi, wa aina inayoonekana mara nyingi:

"Mzabuni atakidhi mkataba huu na kukidhi muda uliopangwa, na atakidhi wajibu wake wote kwa kukidhi viwango."

"Kidhi" limetokea mara nne, na mara tatu si mahali pake. Mkataba hutekelezwa, muda huzingatiwa, wajibu hutimizwa. Viwango navyo havikutajwa ni vipi. Kirekebishwe hivi:

"Mzabuni atatekeleza kazi zote zilizotajwa katika Kiambatisho A na kuzikamilisha ndani ya siku 90 tangu tarehe ya kusaini. Kila kazi itakidhi viwango vilivyoorodheshwa katika Kiambatisho B. Mhandisi msimamizi ndiye atakayethibitisha kwa maandishi kwamba kazi imekidhi viwango hivyo. Kazi isiyokidhi itarudiwa kwa gharama za mzabuni."

Sasa kila kitenzi kina kazi yake. "Kidhi" limetokea mara tatu, kila mara likirejelea viwango. Katika sentensi ya mwisho limesimama bila yambwa, "kazi isiyokidhi", na hilo linaruhusiwa kwa sababu viwango vimetajwa sentensi mbili nyuma na haviwezi kuchanganywa na kitu kingine. Kama kifungu kingekuwa kirefu, au kama kungekuwa na Kiambatisho C chenye viwango vingine, ingebidi kuandikwa kwa ukamilifu: "Kazi isiyokidhi viwango vya Kiambatisho B." Ripoti za maabara hufupisha hadi neno moja, "Imekidhi" au "Haikukidhi", lakini fomu yenyewe huwa imetaja kiwango juu ya safu ya majibu. Fomu isiyotaja kiwango haina haki ya kufupisha hivyo, na anayeipokea ana haki ya kuirudisha na kuuliza: imekidhi nini?